Dawa Hainywewi Peke Yako

Leo asubuhi viatu vyangu vya kanisani vimeingia miguuni bila kulazimishwa. Mke wangu aliona, akageuzia uso kwenye ungo wake wa karanga ili asinitie haya, akaendelea kupepeta. Kwa mtu mwingine kiatu ni kiatu. Mimi nimevaa kandambili za mpira kiangazi kizima, kanisani, msibani na hospitalini, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba kama maboga. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu.

Namwandikia mgonjwa mwenzangu, hasa yule mwenye kopo alilolificha mahali. Sitakufundisha udaktari, maana siujui. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya kutunza ghala katika karakana moja ya Kizota, hapa Dodoma, hadi nilipostaafu. Ninachokijua ni yaliyonipata, na kwamba mengi yake niliyaleta mwenyewe.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna uwele. Nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, nikawa wa kutoka nje kila mara, na suruali zikaanza kunitelemka kiunoni. Zahanati walinipima, wakanituma hospitali, na huko wakasema ni kisukari. Wakanipa vidonge. Nikamwuliza muuguzi vitakwisha lini, naye akajibu kwa upole kwamba hivyo ni vya maisha.

Neno hilo, vya maisha, lilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Nilitaka dawa yenye mwisho.

Hapa lazima nimtaje marehemu mama. Hakuwa mganga. Alikuwa mama wa nyumbani huko kwetu karibu na Buigiri, aliyejua miti michache kama wanawake wengi wa rika lake. Mtoto akitoka vipele, alimwogesha maji ya majani ya mwarobaini. Tumbo likifunga, alitoa maji ya ukwaju. Mafua yakizidi, tulifunikwa shuka juu ya chungu cha majani yanayofuka mvuke, tukatoka tumelowa jasho. Hizo kwake zilikuwa dawa nyepesi. Lakini palikuwa na mzizi mmoja mchungu, ambao jina lake silitaji kwa sababu sitaki uutafute, na huo ulikuwa na masharti.

Aliufuata porini kwa miguu, hakumtuma mtu. Akifika aliusemesha mti, akautajia jina la mgonjwa na kinachomsumbua. Alichimba upande mmoja tu, akakata kipande cha urefu wa kidole, akafukia shimo. Nyumbani mgonjwa alikula uji kwanza, ndipo akanywa, na ilikuwa lazima anywe mbele ya mtu mzima mwingine wa nyumba ile. Kipande kikiisha, ndiyo basi. Mwenye mimba hakupewa, wala mtoto. Baba aliwahi kutaka kwenda na kikombe chake shambani, mama akamzuia mlangoni. Alimwambia dawa hainywewi peke yako.

Nilipofika sekondari niliyacheka mambo hayo. Kuongea na mti! Nilirudi likizo nikamwigiza mama mbele ya wenzangu, wakacheka hadi machozi. Hivyo nilipokua nilibaki na imani ya ule mzizi, masharti yake nikayatupa.

Basi siku moja nikiwa Majengo, sokoni, nilimkuta kijana mwenye kipaza sauti cha betri na makopo ya plastiki yaliyojaa unga wa kahawia. Alisema unatibu sukari, presha, kiuno, vidonda vya tumbo na mambo ya chumbani. Nikafungua kopo nikanusa. Niliisikia harufu ya chungu cha mama, au nilidhani nimeisikia. Nikamwuliza kipimo chake.

"Baba, hii ni mitishamba," akasema. "Haina madhara. Kunywa unavyojisikia."

Mimi niliyekuwa sitoi hata beringi ghalani bila kibandiko cha kuonyesha ni ya nini na imetoka wapi, nikapokea kopo lisilo na hata herufi moja. Nyumbani nililitia ndani ya ndoo yangu ya misumari kwenye banda la kuku. Kila alfajiri nikienda kuwafungulia kuku nilikoroga kijiko kikubwa kwenye kikombe cha bati, nikanywa nimesimama, nimewapa kuku mgongo. Kisha nikarudi ndani kumeza vidonge vya hospitali mbele ya mke wangu, kama mtu mwema.

Kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Muuguzi alinisifu, akasema mzee wetu umejitahidi. Akaniuliza, kama wanavyowauliza wote, kama natumia dawa yoyote ya kienyeji. Nikasema, "Hapana, binti yangu." Ilitoka kirahisi. Wenzangu kwenye benchi walikuwa wakisikia, na wiki chache nyuma nilimwona mama mmoja akigombezwa kwa jambo hilo hilo mpaka akafuta machozi kwa kanga. Sikutaka kugombezwa na mtu wa umri wa mwanangu.

Sifa zote zilimwendea mke wangu. Damari, mama wa binti yangu Nyemo, alikuwa amebadili jiko zima kwa ajili yangu. Ugali ukawa mdogo, mlenda ukawa mwingi, chai yangu haikuonja sukari. Majirani walimwuliza anapika vipi. Alifurahi, nami nikamwacha afurahi kwa kitu ambacho sikujua kama ni chake au cha kopo langu.

Zabibu za jirani zilipokuwa zinakatwa, nilianguka kwenye kivuli cha uzio wetu. Asubuhi peupe, jua halijapanda. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka baridi, nikawaona Damari wawili wakinikimbilia. Alininywesha chai ya sukari kijiko kwa kijiko, kama mtoto. Kliniki wakasema sukari imeshuka mno, wakanipunguzia vidonge. Mimi nikaelewa vingine. Nikajiambia, unaona, vidonge ndivyo vinavyoniumiza. Nikaongeza kijiko cha unga.

Halafu ukaja upepo wa Julai, ule wa baridi na vumbi, na mwili wangu ukaanza kubadilika. Miguu ilivimba kwanza jioni tu, baadaye na asubuhi. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Ngozi iliniwasha mpaka nikawa najikuna kwa gunzi. Chakula kilikuwa na ladha ya kulamba msumari. Mkojo, uliokuwa ukinikimbiza hapo mwanzo, sasa ulikuja kidogo na wenye povu. Nyemo alisafiri kutoka Mwanza, akaniona usoni, akashindwa kumaliza shikamoo yake.

Hospitali kubwa walinilaza. Daktari wa wodi yetu alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo, anayevuta kiti akakaa anapozungumza na mgonjwa. Alisema figo zangu zimechoka sana na yeye haoni sababu ya kuchoka haraka namna ile. Akauliza kila kitu. Akauliza mizizi, majani, unga, hata chai za pakiti. Damari alikuwa ameketi kitandani kwangu, ameshika sweta langu. Nikasema hapana. Daktari akaandika, akaondoka, akaenda kutafuta ugonjwa kwingine kote isipokuwa mahali ulipokuwa.

Waliponiruhusu kwa muda, dada yangu mkubwa Yudithi alikuja kutoka kijijini. Alikaa sebuleni, akakataa maji, akasema mbele ya Nyemo na majirani wawili kwamba mdogo wake alikuwa mzima hadi alipobadilishiwa chakula.

"Mtu haozi figo hivi hivi," alisema. "Huyu amelishwa kitu."

 Damari alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akajibu bila kupandisha sauti, "Wifi, chungu ninachompikia ndicho ninachokula."

Nilikuwa nimekaa kati yao. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nami nilitazama miguu yangu. Nilijiambia mimi ni mgonjwa na mgonjwa haingilii ugomvi. Ulikuwa uongo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya dada yangu, basi nikamwacha mke wangu aonekane mchawi.

Kuanzia siku ile Damari alihamishia mafiga nje, mahali ambapo kila apitaye angemwona anavyopika. Na kila alichonipa alikionja kwanza mbele yangu. Uji, mlenda, hata maji ya kunywa. Alikunywa funda moja, akanitazama, ndipo akanipa kikombe. Hakuwa na hasira usoni. Nimepitia mengi katika ugonjwa huu, nimechomwa sindano shingoni, lakini sijui maumivu yaliyozidi yale ya kumwona mwanamke niliyeishi naye tangu ujana wetu akionja maji ili nimwamini, na mimi ndiye niliyekuwa najinywesha.

Utaniuliza kama nilikuwa bado nakunywa ule unga. Nilikunywa mpaka niliposhindwa kufika bandani kwa miguu. Ndivyo ulivyokoma.

Figo hazikungoja. Daktari alisema sasa lazima mashine, ile ya kusafisha damu, na kwamba hajui kama itakuwa ya muda au ya siku zote. Kila kitu kilisimama hapo. Kama figo zingeamka, ningerudi kwa kuku wangu. Kama zisingeamka, maisha yangu yangekuwa kile kiti na ile mirija hadi mwisho.

Chumba cha kungojea mashine kina mabenchi ya mbao na dirisha moja linalotazama mwarobaini mkubwa uani. Hapo nilimpata rafiki, Mzee Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa kwenye mashine kabla yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa alizeti, mwembamba, kofia yake nyeupe siku zote. Siku ya kwanza nilipoketi karibu naye ukingoni mwa benchi, aliniambia nisogee vizuri, benchi halitozi kodi. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia.

"Mbukwenyi, Mgogo," akanisalimu kwa kilugha chetu, kwa lafudhi ya kwao. "Haya sema. Ulikunywa nini?"

Nikamwambia sikunywa kitu.

Akacheka kidogo, akauonyesha mwarobaini dirishani kwa kidole. "Wote hapa hatukunywa kitu. Mimi sikunywa mizizi ya mtu mmoja wa sokoni, na sikuinywa mwaka mzima. Usinifanye Mrangi mjinga, mzee mwenzangu."

Damari alikuwa pembeni anamenya chungwa la mtu mwingine aliyekuwa na mikono dhaifu. Sikujua kama alisikia. Mzee Ramadhani aliendelea kwa sauti ya chini. Alisema wapo waliofika hapa bila kunywa chochote, ni maradhi tu, na Mungu ndiye ajuaye. Lakini mwenye kitu moyoni akitue, kwa sababu daktari anapiga vita na adui asiyemwona. Kisha akaitwa ndani, akasimama, akavuta kofia yake, akanishika bega.

Zamu yangu ilipofika, daktari alikuja kunitazama kabla ya kuunganishwa. Nikamwomba amwite mke wangu aingie. Damari akaingia, akasimama miguuni pa kitanda. Nikasema, "Daktari, nilikunywa unga wa mizizi. Upo kwenye ndoo ya misumari, bandani kwa kuku. Huyu mama hakujua."

Nilimwambia daktari, lakini nilimtazama Damari. Yeye alitazama mashine.

Nilingoja kugombezwa. Daktari alivuta kiti akakaa. Aliniuliza nilikunywa kiasi gani, tangu lini, na kama nilikuwa nachanganya na vidonge. Akataka kopo lililobaki liletwe. Akasema hawezi kuapa kwamba unga ule peke yake ndio ulioniumiza, kwa sababu hajui ndani yake kuna nini, na aliyeniuzia naye huenda hajui. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba alinipangia dawa kwa kutumia majibu yangu, na majibu yangu hayakuwa kweli.

"Baba, nilikuwa nakutibu gizani," alisema.  Akabadilisha karatasi ya dawa pale pale.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Damari alikwenda moja kwa moja bandani. Nikamsikia akimwaga misumari. Alirudi na kopo, akaliweka mezani katikati yetu, akaketi.

"Kunywa ulikunywa," akasema. "Hilo ni la mwili wako. Lakini ulininyamazia mbele ya wifi."

 Nilimwomba Nyemo ampigie shangazi yake simu aje, na wale majirani wawili niliwaita mwenyewe, nikitembea na fimbo. Walipokaa pale pale walipokaa mara ya kwanza, nililieleza jambo lote, na kopo likiwa mezani. Dada Yudithi alilifungua, akanusa, akalifunga.  Naye ni mtoto wa mama yule yule, na masharti anayajua. Aliniuliza swali moja tu, nilikunywa mbele ya nani.

"Mbele ya kuku," nikasema.

Jirani mmoja aliangua kicheko, akajizuia, akaomba radhi. Dada hakucheka. Aliinuka, akaenda nje kwenye mafiga alikokuwa Damari, akapiga magoti. Sikusikia walichosemezana. Niliona tu kwamba jioni ile walisonga ugali pamoja, na chakula changu kilipoletwa, hakuna aliyekionja.

Usidhani mambo yalirudi kama zamani. Damari alinihudumia kiangazi chote, alinisindikiza kila mashine, aliniosha miguu. Lakini alizungumza nami kama anavyozungumza na mgeni mwenye heshima. Nilistahili. Niliwahi kumwambia Mzee Ramadhani, naye akasema mke akinyamaza mshukuru Mungu kwamba bado yumo ndani, maana kimya chake angalau unakisikia.

Miguu ilianza kupungua kabla ya mvua. Ladha ya msumari ikatoka kinywani, na siku moja nikaisikia chumvi ya mlenda, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mbali. Mkojo ukarudi. Nilimpigia Nyemo simu kumpa habari za mkojo kama mtu anayetangaza harusi. Mashine zikapunguzwa. Mvua ya kwanza ya Desemba iliponyesha, vumbi la Dodoma likatulia na watu wakaanza kupanda, daktari alisema tujaribu kuacha, tungoje, tuone.

Tulingoja. Kila kipimo kilikuwa kama mtihani wa taifa. Sasa mahindi ya majirani yamefika magotini na bado sijarudishwa kwenye mashine. Figo zangu hazijapona zote, na daktari ameniambia wazi kwamba nusu niliyobaki nayo niitunze. Vidonge bado ni vya maisha. Neno lile halinichomi tena.

Mzee Ramadhani bado yuko kwenye kile kiti. Nikienda kupima napita kumsalimu. Mara ya mwisho alinipa chupa ya asali ya kwao, akasema si yangu, ni ya mama Nyemo, mimi nikiigusa atajua. Damari ameiweka kabatini juu kabisa, na amenionyesha mahali ilipo.

Siwaambii muache miti. Mjukuu wa jirani alipotoka vipele wiki iliyopita, Damari alimpelekea majani ya mwarobaini ya kumwogeshea, akamwambia mama yake asimnyweshe, na kama havikauki aende zahanati. Mchaichai tunakunywa, baada ya kumwuliza daktari. Lakini mti ukiwa na nguvu ya kutibu, una nguvu ya kuumiza pia, na mama yangu alilijua hilo bila kwenda shule. Anayekwambia hauna madhara, mwulize basi unatibuje. Kama unameza vidonge vya hospitali, usiviongezee kitu kimyakimya. Kama una mimba, au unamnyonyesha mtoto, au figo na ini vimeshaguswa, usijaribu hata kuonja kwa ushauri wa benchi. Na ukishakunywa, sema. Kugombezwa ni kwa dakika chache. Muuguzi anayegombeza naye namwomba apunguze, kwa sababu sisi wazee ni waoga kuliko tunavyoonekana.

Baada ya Krismasi nilikwenda na dada Yudithi mahali mama alipokuwa akichimba. Tuliitafuta miti ile mmoja mmoja. Mingi imechimbwa pande zote na kukauka, na mashimo hayakufukiwa. Dada alijaribu kufukia moja kwa mguu. Nikamsaidia. Nilielewa, kwa kuchelewa, kwamba mama hakuwa akiuambia mti jina la mgonjwa ili mti usikie. Alikuwa akijikumbusha mwenyewe, ili dawa ya mtu mmoja isiende kwa kila mtu, na ya ugonjwa mmoja isiwe ya kila ugonjwa. Na yule mtu mzima wa kushuhudia, kazi yake ilikuwa kukutazama.

Leo, baada ya viatu kuingia, nilikula uji wangu, nikaweka vidonge kiganjani. Damari alikuwa bado nje na karanga zake. Kengele ya kanisa ikalia. Maji yalikuwa tayari mbele yangu, nami ningeweza kumeza mara moja tukaondoka. Nikangoja. Kengele ikanyamaza, nikamwita. Alikuja anapangusa mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni, akatazama viganja vyangu, kisha viatu, kisha mimi.

"Haya, meza," akasema. "Nakuona."